Chakula cha Meksiko kule Ulaya: mahindi yako wapi?

Jamaa wengi wa Goma, Bukavu, Butembo, Uvira ao Bunia wanajua picha za namna hii. Siku ya posho mangaribi simu inalia, WhatsApp inaleta picha kutoka Bruxelles, Liège, Paris ao Lyon. Ni mtoto wa dada, ao shemeji, ao kijana aliyekuwa jirani. Amekaa ku restora na wenzake wa kazi, mbele yake kuko sahani kubwa. Chini ya picha ameandika kama leo wanakula chakula cha Mexique. Kwenye sahani munaonekana nyama ya kusaga, maharagi mekundu, fromaji ya manjano iliyoyeyuka juu ya kila kitu, na kitu fulani sawa vile chapati.

Kesho yake ukimuuliza ilikuwa namna gani, jibu mara nyingi linafanana. Tumbo lilijaa, lakini fromaji ilikuwa mingi, pilipili haikuwasha, na bei ilikuwa kali. Ukimuuliza tena kama alikula mahindi, atafikiri kidogo. Labda vile vipande vya kukauka walivyoleta mwanzo. Ile chapati yenyewe ilikuwa ya ngano.

Njo fasi swali linaanzia. Mahindi yalizaliwa Meksiko. Miaka karibu 9,000 iliyopita, watu wa kusini mwa inchi hiyo, upande wa bonde la mto Balsas, walianza kulima nyasi moja ya pori inayoitwa teosinte. Walichagua mbegu nzuri, wakapanda, wakachagua tena, kizazi kwa kizazi, mpaka nyasi ile ikageuka muhindi tunaoujua leo. Maana yake, mama wa Walungu ao wa Rutshuru anayesonga bugali kila mangaribi yuko karibu na zao la Meksiko kuliko yule aliyelipa euro 20 kula chakula cha ngano chenye jina la Meksiko. Imekuwaje?

Vitu vinavyoletwa mezani

Karatasi za vyakula za restora nyingi zinazojiita za Meksiko kule Ulaya zinafanana sana, ukiwa Namur ao Lille. Kuko nachos, ni vipande vya pembe tatu vya mahindi vilivyokaangwa na kumwagiwa fromaji. Kuko burrito, chapati kubwa ya ngano iliyokunjwa na wali, maharagi na nyama ndani. Kuko fajitas, vipande vya nyama na poivron vinavyofika mezani vikilia bado kwenye kikaango cha moto. Kuko tena chili con carne, nyama ya kusaga iliyopikwa na maharagi mekundu na tomati.

Hivi vyakula si vya uongo. Kila kimoja kina kwao na historia yake.

Nachos vilianza mwaka wa 1943 mu mji wa Piedras Negras, kule Meksiko, kwenye mpaka na Texas. Wanawake Wamarekani, bibi za askari waliokuwa ng'ambo ya mpaka, waliingia ku restora wakati mpishi hakuwapo. Bwana mmoja aliyefanya kazi pale, Ignacio Anaya, alichukua vipande vya mahindi vya kukaangwa, akatia fromaji na pilipili juu, akaingiza ndani ya furu. Watu waliozoeana naye walimuita Nacho, kwani kwao Ignacio inafupishwa hivyo. Chakula kikabaki na jina lake.

Burrito ni ya kaskazini mwa Meksiko. Ngano na ng'ombe havikuwako huko mbele ya Wahispania kufika karne ya 16. Walivileta, na ngano ikakubali udongo wa kaskazini kuliko sehemu zingine. Fajitas zilitoka kwa wachunga ng'ombe wa Texas, na chili con carne ilijulikana zaidi mu mji wa San Antonio, Texas pia. Kwa hiyo, kati ya vyakula vinne hivi, viwili ni vya Texas, na viwili ni vya upande wa mpaka. Meksiko ya katikati na ya kusini, fasi inchi ile inakula sana, haiko mezani.

Njia ilipitia Texas

Ili kuelewa, lazima kurudi nyuma. Texas ilikuwa sehemu ya Meksiko mpaka mwaka wa 1836. Mwaka wa 1845 iliingia Marekani. Kisha vita ya 1846 mpaka 1848 ilifanya Meksiko ipoteze karibu nusu ya ardhi yake yote. Wameksiko waliokuwa wanaishi upande ule hawakuhama, ni mpaka njo ulihama. Wakaaji wa karibu na mipaka yetu wanaelewa jambo hilo bila maelezo mingi: mtu analala inchi hii, anaamka inchi ingine, na sufuria yake ni ile ile.

Sufuria ilikuwa ile ile, lakini vitu vya kutia ndani vilibadilika. Texas ilikuwa na ng'ombe wengi, ngano mingi, fromaji ya manjano ya Wamarekani. Wapishi wakatumia vilivyokuwako. Hivyo kikazaliwa chakula kinachoitwa Tex-Mex, jina la Texas na la Meksiko pamoja. Ni chakula cha watu wa kweli, cha mpakani.

Na hicho njo kilichovuka bahari. Mwanahistoria Jeffrey Pilcher, ndani ya kitabu chake Planet Taco cha mwaka wa 2012, anaonyesha kama chakula chenye jina la Meksiko kilienezwa duniani na Wamarekani zaidi kuliko Wameksiko wenyewe. Sababu iko wazi. Kati ya Wameksiko wote wanaoishi inje ya inchi yao, zaidi ya asilimia 95 wako Marekani. Wale walioko Ulaya ni wachache sana. Wamarekani walileta restora zao, sinema zao, na visanduku vya tacos ngumu vinavyouzwa ku magazini kubwa. Mzungu wa Ulaya akajua Meksiko kwa njia hiyo.

Hapa kuna jambo ambalo watu wa kwetu wanaweza kupima vizuri. Kule Bruxelles, mu komini ya Ixelles, kuko mtaa wa Matonge, uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa. Mtu akiingia ku restora ya mama Mkongomani pale, akaomba sombe, makayabu ao liboke, atapata kitu kinachokaribia cha nyumbani. Si juu mama yule ni mpishi kuliko wengine. Ni juu wateja wake wanajua. Sombe ikikosa mafuta ya ngazi, kuna baba atainua kichwa na kusema. Fufu ikiwa laini zaidi, itarudishwa. Mteja anayejua ladha ya kwao njo anailinda.

Mwenye restora ya Meksiko mu mji mdogo wa Ubelgiji hana mteja wa namna hiyo. Wateja wake wote walijifunza Meksiko kwa Tex-Mex. Akipunguza fromaji, watauliza fromaji iko wapi. Akiongeza pilipili, hawatarudi. Hata kama yeye mwenyewe ni Mmeksiko, ana kodi ya nyumba ya kulipa, ana wafanyakazi, atapika kile kinachouzwa. Kumwita mwongo si haki.

Mambo yanaonekana wazi ukiyageuza. Kampuni ya Marekani inayoitwa Taco Bell, yenye restora nyingi duniani, ilijaribu kufungua milango Meksiko mwaka wa 1992, ikafunga. Ikajaribu tena 2007, ikafunga tena. Kule wateja walikuwa wanajua.

«Tacos» ya Ufaransa ni kitu kingine

Vijana wetu walioko Ufaransa na Ubelgiji wakisema wamekula «tacos», mara nyingi hawamaanishi chakula cha Meksiko wala cha Texas. Wanamaanisha chapati ya ngano iliyokunjwa kwa umbo la mraba, ndani yake nyama, viazi vya kukaanga na sosi ya fromaji, kisha ikabanwa kwenye mashini ya moto. Chakula hicho kilianza mu mitaa ya Lyon na Grenoble mwanzo wa miaka ya 2000, ku restora ndogo ambako vijana wa jamaa zilizotoka Afrika ya kaskazini wanauza na kununua kebab. Kinashibisha, bei yake inamfaa mwanafunzi, na fasi nyingi nyama yake ni halali. Ni chakula cha mitaa ya Ufaransa. Cha Meksiko ni jina tu.

Kusema kweli, hata Wameksiko wenyewe walipokea vitu vya wageni. Wahamiaji waliotoka upande wa Lebanoni walileta namna ya kuchoma nyama kwenye chuma cha kusimama, ile inayozunguka pembeni ya moto. Katika miaka ya 1930, mu mji wa Puebla, walikuwa wanaiuza ndani ya mkate mwembamba. Wameksiko wakabadilisha kondoo kwa nguruwe, wakaipaka pilipili nyekundu, wakaiweka ndani ya tortilla ya mahindi na kipande cha nanasi juu. Leo tacos al pastor ni moja ya vyakula wanavyojivunia sana. Kubadilika kwa chakula basi si ubaya. Lakini Wameksiko walipobadilisha, walirudisha kitu kile kwa mahindi yao. Kwenye safari ya Ulaya, mahindi yenyewe njo yaliondolewa.

Kwao wenyewe: mahindi, chokaa na usiku mzima

Tortilla ya kweli ni ndogo, inaenea ndani ya kiganja, na haina mafuta. Ni mahindi, maji na chokaa basi. Lakini kazi yake ni ndefu.

Mpishi anachukua mahindi ya kukauka, hayajasagwa. Kwa kilo moja anatia gramu karibu 10 za chokaa ya chakula ndani ya maji, anachemsha kwa muda, kisha anaondoa kwenye moto na kuacha yalale ndani ya maji yale usiku mzima. Asubuhi ngozi ya mahindi inatoka yenyewe ukiisugua kwa mkono. Anaosha vizuri, chokaa inaondoka na maji. Mahindi hayo yanaitwa nixtamal. Ni neno la Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa kale, na mwanzo wake ni neno la majivu, juu zamani walitumia majivu pia pa nafasi ya chokaa.

Kisha anasaga yakiwa bado na maji. Anapata donge laini linaloitwa masa. Donge hilo linashikana bila kitu kingine, anaweza kulipapasa likawa bapa bila kupasuka, kisha linaiva kwenye chuma cha moto kwa dakika chache. Harufu yake haifanani na bugali wala na muhindi wa kuchoma. Aliyeisikia mara moja hawezi kuipoteza.

Zamani, kusaga huko kulifanyika kwa magoti, kwenye jiwe linaloitwa metate. Wanawake waliamka mbele ya jua, wakasaga kwa masaa mingi kila siku, mpaka mashini zilipoenea karne ya 20. Mama wa Kivu aliyekua na kinu, ao anayebeba beseni mpaka ku mashini ya kusaga na kungoja moto urudi, hahitaji kuelezwa uchovu huo.

Kutoka donge hilo wanafanya vitu vingi. Tamales: donge lililofungwa ndani ya maganda ya muhindi na kupikwa kwa mvuke, jamaa ya liboke. Pozole ni supu ya nyama na mahindi mazima yaliyopitia chokaa. Mole ni sosi nzito ya pilipili za kukauka, mbegu na viungo, na ile ya Puebla inaingizwa hata kakao. Oaxaca wanakula panzi wa kukaangwa, na mtu wa Beni anayengoja msimu wa senene hatashangaa. Mwaka wa 2010, UNESCO iliandika mapishi haya ya Meksiko kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Na mwaka wa 2024, kitabu cha Michelin, kile kinachopima restora kubwa kubwa, kilitoa nyota kwa El Califa de León, kibanda kidogo cha tacos mu mji wa Mexico ambako watu wanakula wamesimama.

Mahindi yalisafiri, ujuzi ukabaki

Kama ingekuwa shauri la ladha tu, habari ingeishia hapa. Lakini ile kazi ya chokaa ilikuwa na sababu ingine, na watu wa Ulaya walikuja kuijua kwa gharama kubwa.

Wahispania walipochukua mahindi kupeleka kwao, walichukua mbegu. Hawakuchukua namna ya kupika. Kwao walisaga mahindi makavu sawa vile ngano, wakapika uji na polenta. Mahindi yalizaa vizuri na bei yake ilikuwa chini, hivyo wakulima wamaskini wa kaskazini mwa Uhispania na Italia wakaanza kula mahindi karibu peke yake. Kisha ugonjwa ukatokea. Ngozi inaharibika fasi jua linapopiga, kwenye shingo na mikono. Tumbo linahara. Akili inachanganyikiwa, na mwisho mtu anakufa. Mwaka wa 1735 munganga Gaspar Casal aliuona na kuueleza kule Asturias, Uhispania. Waitalia wakauita pellagra, maana yake ngozi ya kukwaruza. Mwanzo wa karne ya 20, uliua maelfu ya watu wamaskini kusini mwa Marekani. Wengi walifikiri ni ugonjwa wa kuambukiza, mpaka munganga Joseph Goldberger akaonyesha kama unatoka kwenye chakula. Mwaka wa 1937 kitu kinachokosekana kilitambuliwa. Ni vitamini inayoitwa niasini.

Mahindi yana niasini, lakini imefungwa, mwili hauwezi kuichukua. Chokaa inaifungua. Wenyeji wa Meksiko hawakujua jina la vitamini, lakini walijua kama mahindi bila chokaa si chakula kamili, na tena walikula na maharagi. Ugonjwa ule haukuwasumbua sawa na Wazungu.

Jambo kama hilo lilitokea kwa vanila, zao lingine la Meksiko ambalo wakulima wa Beni na Ituri wanalijua. Mmea ulipelekwa mbali, ukakua, ukatoa maua, lakini haukuzaa, kwani wadudu wanaourutubisha walibaki kwao. Mwaka wa 1841, mu kisiwa cha Réunion, mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, alipata namna ya kuunganisha ua kwa mkono. Kila mkulima wa vanila anayeamka asubuhi kufanya kazi ile kwa kijiti, anarudia kazi ya mtoto yule.

Na huku kwetu?

Mahindi yalifika Afrika mikononi mwa Wareno karne ya 16, na kutoka pwani yakaingia ndani kwa njia za biashara. Jina lenyewe la «mahindi» linatuelekeza India, kumbe kwao ni mbali zaidi. Pilipili ilitoka Amerika pia. Avoka vilevile: neno lake, sawa na neno tomati na neno kakao, linatoka kwa wenyeji wa kale wa Meksiko, likapitia Kihispania na Kifaransa mpaka kufika sokoni kwetu. Maharagi tunayokula kila siku ni ya Amerika, na Meksiko ni moja ya fasi yalikoanza kulimwa. Huko wanapanda mahindi, maharagi na maboga ndani ya shamba moja, na wanaliita milpa. Mkulima wa Kabare ao wa Lubero anayechanganya mahindi na maharagi anafanya kazi ile ile.

Basi na sisi tulipokea mahindi bila chokaa. Je, tuogope? Kwa mtu anayekula bugali na maharagi, karanga, samaki, ndakala ao nyama kidogo, hapana. Vyakula hivyo vinaleta niasini ama vinasaidia mwili kuitengeneza. Hatari inakuja wakati sahani inabaki na mahindi peke yake kwa miezi mingi. Mwaka wa 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walishikwa na pellagra kwa maelfu, baada ya karanga kukosekana ndani ya msaada waliopewa. Mwaka wa 1999 na 2000 ikatokea Kuito, Angola, kati ya watu waliokimbia vita. Kwa majimbo yetu, ambako jamaa nyingi zimekimbia vijiji na mashamba yao, hilo ni jambo la kushika akilini. Gunia la unga ni msaada, lakini ndoo ya maharagi ao ya karanga pembeni yake si nyongeza ya anasa. Na mtu anayeona ngozi ya shingo na mikono inaharibika namna ile, pamoja na kuhara, aende ku kituo cha afya. Dawa yake iko, na haiko ngumu.

Onyo moja ni la lazima. Mtu asichukue chokaa ya kupaka nyumba akatia ndani ya sufuria. Chokaa ya chakula ni ingine, ni safi, na inapimwa. Tena mahindi yaliyoota ukungu hayatengenezwi na chokaa. Sumu inaweza kupunguka, lakini haiishi. Mahindi ya ukungu ni ya kutupa.

Aliye Ulaya atambue namna gani?

Kwa ndugu aliyeko kule na ana hamu ya kuonja Meksiko yenyewe, hali imekuwa nzuri kuliko zamani. Mu miji mikubwa kama Paris, Madrid, London na Berlin kuko sasa restora ndogo za Wameksiko waliofika kwa masomo na kazi. Alama zake si ngumu kujua.

Aangalie kwanza tortilla. Ikiwa ndogo, ya mahindi, na wanaipika palepale, ni alama nzuri. Aulize kama wanatumia masa. Mwenye kufanya kazi ile hufurahi kuulizwa. Fromaji ikiwa nyeupe na kidogo, si ile ya manjano inayofunika sahani, ni alama ingine. Sosi zinakuja pembeni, ya kijani na nyekundu, na zinawasha kweli. Kwenye karatasi ya vyakula atafute tamales, pozole, mole, al pastor. Akiona tu nachos, fajitas na chili con carne, ajue anakula Texas. Anaweza kula na kufurahi, lakini ajue.

Bei asishangae. Taco moja ni ndogo, na mtu wa kwetu atahitaji nne ao tano. Pilipili za kukauka na unga wa masa vinatoka mbali, na usiku wa kazi ya mahindi unalipwa kwa saa.

Wengine wanajaribu kupika nyumbani na unga wa fufu walionunua ku magazini za Matonge. Donge linapasuka, wanafikiri wamekosea maji. Hawakukosea. Unga ule haukupitia chokaa, na bila chokaa haushikani. Wanunue unga wa masa, unaouzwa ku magazini za vyakula vya Amerika ya Kilatini. Maharagi na avoka wanajua tayari kuvipika. Na kama kuna mama alituma pilipili kutoka Bukavu, hiyo itafanya kazi vizuri.

Jina bila mpishi

Rumba ya Kongo iliandikwa na UNESCO mwaka wa 2021. Vyakula vyetu bado vinajulikana zaidi kati yetu wenyewe. Lakini vijana wa Ulaya wanaanza kutafuta vyakula vya Afrika, na siku moja sombe itauzwa ndani ya sanduku ku magazini kubwa, labda na kampuni isiyojua Kongo iko wapi. Mihogo yenyewe ni ukumbusho mzuri. Nayo ilitoka Amerika, na majani ya sombe ukiyapika haraka bila kuyatwanga na kuyachemsha sawasawa, sumu yake inabaki. Kila mama wa kwetu anajua hilo, na haliandikwi popote kwenye jani.

Kwa hiyo picha ingine ikifika siku ya posho mangaribi, na mtoto wa dada amekaa mbele ya sahani ya fromaji, hakuna sababu ya kumcheka. Amuulizwe tu kama aliona mahindi. Na yeye naye, siku wenzake wa kazi watakapomuomba awapikie chakula cha kwao, asiwape jina tu. Awaonyeshe namna inavyotwangwa, na inavyochemshwa, na muda wake.